Kijiti cha Pamba Nyumbani kwa Bi Tatu

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za maabara kwa kijana mmoja mwenye ndevu za kisasa. Walinikatia keki, wakanivisha kitenge mabegani, kisha yule kijana akaniomba niandike uzoefu wangu kwa ajili ya wenzake. Nikamwuliza, uzoefu upi? Kama ni habari za kupandishwa vyeo, nendeni utumishi, wanazijua kuliko mimi. Nitaandika yale niliyokuwa nawasimulia tukisubiri umeme urudi, maana mlikuwa mnanisikiliza kwa sikio moja, la pili liko kwenye simu.

Nilikuja Kigoma kutoka Korogwe, msichana mwenye sanduku la bati na cheti kibichi cha fundi maabara. Siku ya kwanza mkuu wa maabara alinikabidhi darubini isiyotumia umeme. Ilikuwa na kioo chini. Unakigeuzia dirishani, kinakamata jua, ndipo unaviona vijidudu. Mawingu yakifunga, wagonjwa wanaambiwa warudi kesho. Nilinuna, kwani chuoni tulizoea darubini za balbu. Baadaye jenereta la mji lilipoanza kukatika mfululizo, wenzangu wenye balbu walikuja kupanga foleni kwangu, nami sikuwaharakisha. Jambo lingine la siku ile lilikuwa jina. Hapa aliyevaa koti jeupe ni daktari akiwa mwanaume, na ni sista akiwa mwanamke. Nilieleza kwamba mimi si nesi, nikaeleza tena, nikachoka. Nimekuwa Sista Vero mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Vita vya Burundi vilikuwa vinasukuma watu kuja kusini, vya Kongo vinawavusha ziwa. Nilipelekwa Kagunga, kijiji cha wavuvi karibu na mpaka, niwapime malaria wanaoshuka kwenye boti. Meza yangu ilikuwa juu ya mchanga, na darubini yangu ya jua, ile niliyoinunia, ndiyo pekee iliyofanya kazi. Watu walishuka na magodoro, na mbuzi, mama mmoja na kuku kapuni. Akaniamkia "amahoro", nikamwitikia, nikamwuliza kwa ajili ya karatasi zangu, "Mama, unatoka wapi?"

"Mimi nimezaliwa Burundi, sista," akasema. "Mama yangu amezaliwa hapa hapa Kagunga, pale penye michikichi. Bibi yangu alitoka ng'ambo, Kongo. Sasa unamtaka nani kati yetu?"

Karatasi ilikuwa na nafasi ya jibu moja. Niliandika Burundi, lakini swali lake liliniganda. Nikawa namwuliza kila mtu, hata pale ambapo kazi haikunituma. Mama yako je? Na mama yake? Wenzangu wakasema sista huyu ana umbeya wa kisomi.

Ndiyo maana alipokuja Daktari Tumaini, miaka kadhaa baadaye na boti bado zinaingia, mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alikuwa mtafiti kutoka Dar es Salaam, mwanamke mfupi anayetafuna karanga muda wote na kuongea na mirija yake ya sampuli kama anaongea na watoto. Alitaka mtu wa maabara anayezijua njia za pwani hii. Kazi yake ilikuwa kufuata historia ya watu kwa kupitia vinasaba vya mama, jambo ambalo mimi sikuwahi kulisikia.

Nawaeleza kama alivyonieleza yeye, kwa chaki. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna viwanda vidogo vya nguvu vinavyoitwa mitokondria, na vina DNA yao wenyewe, mbali na ile kubwa. Ile kubwa unachangiwa na baba na mama. Hii ya mitokondria unaipata kwa mama peke yake. Mwanaume anayo, aliyopewa na mama yake, lakini haimfikii mtoto wake. Inashuka kutoka kwa bibi kwenda kwa mama kwenda kwa binti, kama wimbo wa unyago ambao wanaume hawafundishwi. Baada ya vizazi vingi neno moja linabadilika, na wote watakaoupokea toka hapo wanauimba na neno jipya. Ukilinganisha maneno yaliyobadilika, unajua nani na nani walifundishwa na bibi mmoja, na kama ni zamani ya karibu au ya mbali.

"Sasa ukirudi nyuma, nyuma, nyuma, unafika wapi?" nilimwuliza.

"Kwa mwanamke mmoja, hapa hapa Afrika. Si kwamba alikuwa peke yake. Wenzake walikuwepo, ila mistari yao ya mama ilikatika njiani, kwa waliozaa wavulana tu au wasiozaa kabisa."

Mimi nina wavulana watupu. "Kwa hiyo wangu umekatika?"

"Kwako, ndiyo. Una dada?"

"Ninao."

"Basi wanakushikia," alisema, akaendelea na karanga zake. Jioni ile nilimpigia simu dada yangu Korogwe bila sababu yoyote ya maana.

Kazi yenyewe ilikuwa kijiti cha pamba. Unamsugua mtu ndani ya shavu, unakitia kwenye mrija, unaandika namba, umemaliza. Rahisi, si ndiyo? Jaribuni Ujiji. Mtu katoka kula wali kwa samaki mgebuka wa mawese, kijiti kinatoka rangi ya chungwa. Wazee wa barazani ni kahawa kutwa nzima, kijiti kinatoka cheusi. Tukaweka sheria ya kusukutua mpaka maji yatoke meupe. Halafu tukaanza awamu ya pili katikati ya mwezi wa Ramadhani bila kufikiri. Watu wakauliza kama kijiti kinafunguza, masheikh wawili wakatofautiana, tukafunga virago mpaka baada ya Idi. Barafu ya kuhifadhia tulipata kwa wauza samaki wa Kibirizi, kwa hiyo sampuli zetu zote zilikwenda Dar zikinuka migebuka. Daktari Tumaini alisema DNA haina pua.

Mara chache tulimchukua mama pamoja na mtoto wake mchanga, ili tujihakiki wenyewe. Mama na mwana lazima walingane. Wasipolingana, tumechanganya mirija. Hapo sheria ilikuwa kali zaidi. Mtoto aliyetoka kunyonya hatumgusi, kwa sababu maziwa yana chembe za mama, zinabaki mdomoni, na tutakuwa tumempima mama mara mbili. Kwa hiyo nilipita nyumba kwa nyumba nikisema, "Mama, usimnyonyeshe kwanza, maziwa yataharibu kipimo." Na tulipoulizwa tunatafuta nini, tulijibu kwamba tunatafuta kile ambacho mama humpa mtoto na baba hana cha kumpa. Kina mama wa Ujiji waliitikia kwa vichwa, kwamba wameelewa vizuri sana.

Kazi ngumu haikuwa shavu. Ilikuwa bibi mzaa mama. Mwulize mtu wa Ujiji habari za babu yake mzaa baba, atakwambia alikuja na msafara gani, alitokea Pwani au Manyema, alijenga wapi na msikiti gani alisalia. Mwulize bibi mzaa mama alizaliwa wapi, anakuna kichwa. Daktari Tumaini alinifundisha kuacha kuuliza kabila, maana kabila hapa linafuata baba. Uliza hivi: mama yako uzazi wa kwanza alikwenda kujifungulia kwa nani? Mimba ya kwanza binti hurudi kwa mama yake. Kwa hiyo mtu anakumbuka nyumba, kwenye nyumba anamkuta bibi, na kwa bibi unapata kijiji. Njia hii shikeni, inafaa hata kwa magonjwa ya kurithi.

Majibu ya jumla yaliporudi, tuliyatandaza sakafuni pamoja na ramani, tukapiga magoti kama watoto. Watu waliojitambulisha kwa nasaba ndefu za Pwani walikuwa na mistari ya mama kutoka ng'ambo ya ziwa, kutoka Buha juu huko, kutoka kusini kusikojulikana. Wanaume walifika hapa na majina yao. Wanawake waliowakuta, au waliowachukua njiani, hakuna aliyewataja tena. "Hawa ndio ninaowatafuta mimi," alisema Daktari Tumaini, kidole kikiwa juu ya maji ya Tanganyika. Nilisisimka mwili mzima, nawaambia kweli. Nilikuwa nimetazama damu miaka yote ile nikitafuta vimelea tu.

Bi Tatu nilimjua kwenye kazi hiyo. Alikuwa mjane wa Kasingirima, hapo Ujiji, mpika vitumbua, mkali wa maneno, na alituchangia shavu lake mapema kabisa. Mtaa mzima ulimwita Mama Kulwa, kwa sababu uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa mapacha, Kulwa mvulana na Doto msichana. Doto aliolewa na mfanyabiashara wa vitenge, akavuka naye mpaka Baraka, upande wa Kongo. Salamu zilikuwa zinakuja na wenye boti, zikapungua, vita vikaingia, zikakatika. Kulwa alibaki, akawa fundi wa mashine za boti kule Bangwe.

Asubuhi moja Bi Tatu aliingia maabara bila hodi. Nyuma yake alikuwepo binti mwembamba mwenye mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni mjukuu wangu, Sakina, mtoto wa Doto. Ameshuka kwenye boti juzi. Doto amefariki." Hilo la mwisho alilisema haraka, akavuta kiti. "Kulwa hamtaki. Anasema si wetu. Sasa wewe si una kipimo cha mama? Mpime."

Kulwa mwenyewe alifika mchana, mikono ina grisi mpaka viwikoni, akakataa kukaa. "Sista, simchukii huyu binti," alisema. "Lakini mwaka jana alikuja kijana akasema ni mtoto wa jirani yetu marehemu. Akala, akalala, akaondoka na redio. Hawa wanakaa pamoja kwenye boti, wanasimuliana. Jina la Doto mtu anaweza kuliokota popote." Akafuta mikono kwenye suruali. "Doto ni pacha wangu. Nikisema huyu ni mtoto wake, nimekubali kwamba Doto amekufa. Sikubali hivi hivi. Mpimeni kwanza."

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Mkimbizi alitakiwa kukaa kambini. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa tayari kumwombea Sakina kibali cha kukaa kwa bibi yake, ila mkubwa wa nyumba, ambaye ni Kulwa, athibitishe kwamba ni damu yao. Asipothibitisha, gari la kambini lilikuwa linakuja kila wiki, na mtoto wa Sakina alikuwa anakohoa vibaya. Bi Tatu alikuwa amempoteza binti, sasa alitaka kubaki na hao wawili. Mwenyekiti aliwapa muda mpaka majibu yarudi, si zaidi.

Daktari Tumaini alikataa mwanzoni. Utafiti wetu haukuwa wa majibu ya mtu mmoja mmoja. Bi Tatu akaenda kukaa mlangoni pake na beseni la vitumbua mpaka akakubali kuwapima pembeni ya utafiti, kwa hiari yao, yeye, Sakina na Kulwa. Lakini daktari aliwaeleza mipaka yake, na hili ninyi vijana mliandike mahali. "Sakina akilingana na Bi Tatu, sitasema ni mjukuu wake," alisema. "Nitasema inawezekana, maana wapo wengi wenye mstari mmoja. Asipolingana, hapo nitasema kwa uhakika kwamba mama yake Sakina hakutoka tumboni kwa Bi Tatu." Kisha akawatoa wengine nje, tukabaki wanawake watatu, mimi, yeye na Bi Tatu.

"Bi Tatu, kuna jambo lolote ambalo kipimo hiki kinaweza kulitoa, nawe usingependa litoke?"

"Jambo gani? Doto nimemlea kwa kifua changu hiki. Pimeni."

Tulisugua mashavu. Sampuli zikaondoka na barafu ya migebuka.

Majibu yalichukua miezi, na miezi ile mimi sikukosa sababu ya kupita Kasingirima. Nilikuwa namtazama Sakina vidole, masikio, namna anavyocheka, nikimlinganisha na Bi Tatu. Kisayansi haina thamani yoyote, lakini macho hayana adabu. Sakina alikuwa mtulivu, mwepesi wa kazi, anakoroga unga wa vitumbua kabla bibi hajaamka. Kulwa akija kumsalimia mama yake, binti alimwamkia "shikamoo, mjomba", naye alijibu "marahaba" akitazama ukuta, na chakula alichopika hakukigusa.

"Mama alituambiaka kwao ni Kasingirima," Sakina aliniambia siku moja, "nyumba iko na mulango wa buluu."

Mlango ulikuwa wa kijani. Bi Tatu akasema ulikuwa wa buluu kabla haujapakwa upya. Kulwa akasema nusu ya milango ya Ujiji imewahi kuwa ya buluu, na hapo alisema kweli.

Daktari Tumaini alirudi na majibu mkononi, hakuyapitishia hata kwangu. Tulikaa sebuleni kwa Bi Tatu, wengine kwenye viti, Bi Tatu na Sakina kwenye mkeka. Aliuliza kama wanataka kusikia pamoja au kila mmoja peke yake. Wakasema pamoja.

"Mistari haiendani," alisema. "Wala si kwa kitu kidogo. Mstari wa Sakina na mstari wa Bi Tatu iliachana zamani mno."

Sakina hakulia. Alimfungua mtoto mgongoni, akampakata, akamtazama yeye tu. Kulwa aliinamisha kichwa. Nilitegemea aseme nilijua, lakini sura yake haikuwa ya mtu aliyeshinda.

"Rudieni," alisema Bi Tatu. "Mmekosea."

"Tumerudia, Bi Tatu. Na sampuli ya Kulwa imelingana na yako, kama inavyotakiwa."

"Basi na ya Doto ingelingana. Si wamenyonya pamoja hawa? Miaka miwili, kifua hiki hiki. Maziwa aliyokunywa Kulwa ndiyo aliyokunywa Doto, na Doto ndiye aliyemnyonyesha huyu. Sasa maziwa yamebadilikia wapi?"

Daktari Tumaini aliacha kutafuna. Mimi ndiye niliyejibu. "Bi Tatu, hatupimi maziwa."

"Hampimi maziwa?"

"Hapana. Tunapima tumbo. Nani alimzaa nani."

"Si wewe uliyepita hapa ukisema maziwa yanaharibu kipimo? Si mlisema ni kile ambacho baba hana cha kumpa mtoto?"

"Tulisema."

Alinitazama, kisha akamtazama Kulwa, na nikaona anavyoelewa. Nimewapa watu majibu mabaya maisha yangu yote, ya kila namna. Sijawahi kuona mtu akiogopa vile kwa ajili ya mwingine.

"Kulwa," alisema, "njoo ukae hapa chini."

"Nimekaa, mama."

"Njoo hapa kwenye mkeka."

Alishuka kutoka kwenye kiti akakaa mbele yake.

"Mimba yako nilikwenda kujifungulia kwa mama yangu, Kagunga," alisema Bi Tatu. "Nilikuzaa wewe peke yako. Wiki ile ile mtumbwi ukaleta watu kutoka ng'ambo, zile vurugu zao za zamani, na ndani yake alikuwemo mwanamke siku zake zimefika. Mama yangu akampokea ndani. Akajifungua, hakupona. Hata jina lake hatukulipata, homa ilikuwa imempanda, anasema kikwao tu. Mtoto analia, mimi maziwa yananimwagika. Mama yangu akaniwekea kifuani. Nikarudi Ujiji na watoto wawili, watu wakapiga vigelegele, wakasema Kulwa na Doto. Baba yako nilimwambia. Akasema mtoto ni wa aliyemnyonyesha. Na dini inasema hivyo, mliwekwa ndugu, hata kuoana mmeharamishwa. Sikuona kuwa kuna uongo wa kuungama. Nilipoitwa kupimwa nikafurahi, nikasema kumbe siku hizi na madaktari wanajua."

Mtoto wa Sakina alikohoa, akanyamaza.

"Kwa hiyo sina pacha," alisema Kulwa.

Kulwa akamgeukia Daktari Tumaini. Alikuwa mtu wa mashine, alitaka kujua kilichoharibika kiko wapi. "Sasa kipimo kinasemaje? Huyu ni mtoto wa Doto au siye?"

"Hakisemi," alijibu. "Kama Doto hakuzaliwa na mama yako, binti wa Doto hawezi kulingana naye. Kutolingana hakumkatai Sakina, wala hakumthibitishi. Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua."

Nimefanya kazi na mabingwa wengi, vijana wangu. Wanaoweza kusema maneno hayo mbele ya watu wanaowasubiri, nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vinabaki.

Kulwa akarudi kwa mama yake. Sauti ilikuwa ndogo. "Lakini tulinyonya pamoja kweli?"

"Kwa wakati mmoja, mkipigana mateke. Ikabidi kila mmoja nimpe lake..."

"Mama alikuwa wa kushoto," alisema Sakina.

Tukageuka wote. Alikuwa bado anamtazama mtoto wake. "Alituambiaka hivyo. Akikasirika na sisi anasema, mimi ni mutoto wa kushoto, musinichezee. Hatukujuaka maana yake. Tuliwaza ni mukono, lakini alikuwa anatumikisha wa kulia."

Bi Tatu alijishika titi la kushoto kwa viganja vyote viwili, akaanza kulia kwa sauti. "Kulwa wa kulia, Doto wa kushoto," alisema. "Ulikuwa utani wa humu ndani. Walikuwa wakitukanana nao, wewe wa kushoto, wewe wa kulia, nikiwafukuza na mwiko. Nje ya nyumba hii hakuna aliyeujua."

Mimi nilikuwa namtazama Kulwa. Hakulia, hakusogea. Alikuwa anautazama mkeka kama mtu anayesoma kitu kilichofumwa pale. Neno lake ndilo lililotakiwa na mwenyekiti, na gari lilikuwa linakuja kesho yake, nami sikujua ana mpango gani. Hakuna aliyejua.

Sakina, kwa upande wake, alikuwa ameelewa jambo lingine. Kwamba katika nyumba ile hana hata tone la damu. Alimlaza mtoto kwenye mkeka, akasimama. Miezi yote ile alikuwa akikaa mbele ya Kulwa kichwa wazi, kama binti wa nyumbani. Sasa alivuta khanga ikafunika nywele, akaivuta tena ikafunika nusu ya uso, kama mwanamke anavyofanya mbele ya mwanaume asiye ndugu yake. Akaanza kuanua nepi zilizokuwa zimeanikwa dirishani.

"Nitaenda na ile gari, baba," alimwambia Kulwa. Hakusema tena mjomba. Alisema baba, kama unavyomwita mtu baki kwa heshima.

Kulwa alinyanyuka. Alikuwa mtu mkubwa, alijaza sebule. "Shusha khanga," alisema.

Sakina aliendelea kukunja nepi, hakugeuka.

"Sakina. Shusha khanga. Mbele yangu hujifuniki." Hapo sasa alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule, grisi na machozi vinachanganyika usoni. "Mimi ni Kulwa, na Doto amekufa. Mimi ndiye mjomba wako."

Sakina akaishusha mpaka mabegani. Kulwa akamwokota mtoto pale mkekani, akakaa naye, na kwa mara ya kwanza akauliza pacha wake amezikwa wapi.